Mali Bila Daftari: Tupige Picha Karatasi za Wazee Kabla Hazijaoza



"Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii tunaitaja sana katika mikutano ya vikundi, hasa mweka hazina anapochelewa kuleta hesabu. Leo tunataka kuitaja kwa jambo lingine, nalo ni mashamba yetu.

Katika nyumba nyingi huku kwetu, kuanzia Mtwapa mpaka Marafa, kuna sanduku la bati chini ya kitanda, au kopo la zamani la biskuti, au mfuko wa plastiki uliochomekwa kwenye makuti. Ndani yake mna risiti za kodi za babu, barua ya chifu au ya DC, kipande, kadi ya ubatizo, na karatasi ya kununulia minazi yenye alama za vidole gumba vya mashahidi. Pengine mwenye nyumba hawezi kuzisoma, maana zimeandikwa kwa Kiingereza au kwa herufi za Kiarabu. Lakini hazitupi, kwa sababu marehemu mzee alisema, "Hizi msizipoteze."

Mwaka huu zipo. Je, baada ya masika ijayo zitakuwapo?

Makala hii inaeleza mambo matatu: kwa nini karatasi hizi zina maana katika shida yetu ya ardhi, jinsi ya kuzipiga picha bila kuziharibu, na jinsi ya kuziweka picha hizo ili siku moja zisaidie.

KWA NINI PWANI KARATASI NI SHIDA

Tukumbuke historia kidogo. Waingereza waliitangaza nchi hii kuwa chini ya himaya yao mwaka 1895. Ule mwambao wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na kwa mkataba wa Desemba 1895 utawala wake ukaachiwa Waingereza.

Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi. Ilisema hivi: kila anayedai ardhi katika mwambao aende mbele ya Msajili, apeleke madai yake na ushahidi. Aliyekubaliwa alipewa hati. Ardhi ambayo hakuna mtu aliyekubaliwa kuwa mwenyewe ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ardhi ya serikali.

Sasa, nani walikwenda kwa Msajili? Walikwenda zaidi watu wa mijini waliozoea mambo ya hati na mahakama: familia kubwa za Kiarabu na Kiswahili, pamoja na wafanyabiashara. Hata Waswahili wa kawaida wengi walibaki bila hati. Na Wamijikenda ndio kabisa. Kwao ardhi ilikuwa ya mbari, ikiangaliwa na wazee. Hapakuwa na mtu mmoja wa kusimama akasema, "Hii ni yangu peke yangu." Tena maofisa wa serikali walishika wazo kwamba mahali pa Mmijikenda ni katika rizavu kule nyuma ya mwambao, si pwani. Basi mtu akalima, akapanda mkorosho na mnazi, akazika wazazi wake, na kumbe katika vitabu shamba lile limeandikwa jina la mtu mwingine au la Mfalme.

Uhuru ulipokaribia, mambo haya hayakufunguliwa upya. Katika barua za makubaliano za Oktoba 1963 kati ya serikali ya Kenya na ya Zanzibar, Kenya iliahidi kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa. Aliyekuwa na karatasi akalindwa. Asiyekuwa nayo akaitwa skwota, hata kama kaburi la bibi yake liko mlangoni.

Hapo ndipo lilipo jeraha. Karatasi ilitumiwa kutuacha nje. Ndiyo maana watu wengine wanasema, "Karatasi za nini? Hazikuandikwa kwa ajili yetu!" Wana haki ya kusema hivyo. Lakini tuangalie upande wa pili.

KARATASI YA KUKUFUKUZA INASEMA ULIKUWAPO

Kila mtoto wa shule hapa anajua jina la Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alizunguka akiwaamsha Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa, na kule Kaya Fungo watu wakala kiapo. Mnamo Oktoba mwaka ule alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali Kisii. Januari 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Wakawaamuru Wagiriama waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wahame, waache mashamba yao mazuri, na wakawatoza faini ya rupia 100,000. Watu waliruhusiwa kurudi tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Habari hizi tunazijua kwa njia mbili. Ya kwanza ni wazee wetu, waliosimulia kizazi kwa kizazi. Ya pili ni maandishi ya maofisa wenyewe, kama Arthur Champion, aliyekuwa afisa wa serikali katika Giriama, na wakubwa zake wa Mombasa. Waliandika barua, ripoti na amri.

Hebu tufikiri. Afisa anaandika, "Watu hawa wahamishwe kutoka ng'ambo ya Sabaki." Nia yake ni kuwaondoa. Lakini kwa mkono wake mwenyewe ameandika kwamba watu hao walikuwa ng'ambo ya Sabaki. Huwezi kumfukuza mtu mahali asipokuwapo.

Ni hivyo hivyo kwa kodi. Serikali ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901. Tuseme mjukuu amefungua sanduku na babu yake amekaa kizingitini:

— Babu, hii risiti ya kodi tuitupe? Imetoboka-toboka.

— Usiitupe, mwanangu. Tulizilipa hizo kwa taabu.

— Lakini babu, haisemi kwamba shamba ni letu.

— Haisemi, ndiyo. Yasema mtu gani alilipa, mwaka gani, na chini ya mzee gani wa mtaa. Kwani ulishaona mtu akilipa kodi ya nyumba ambayo haipo?

Babu huyo amesema kweli. Tena wako wenzetu ambao hata risiti hawakuachiwa. Wasanye, yaani Waata, waliishi kwa kuwinda na kurina asali huko nyuma ya Malindi mpaka Tsavo. Mbuga ya Tsavo ilipofanywa mwaka 1948, nchi yao ya kuwinda ikawa marufuku kwao, na miaka ya 1950 wengi walifungwa jela kwa uwindaji. Kwao, kitabu cha mahakama chenye jina la mwindaji na mahali alipokamatwa ni aibu na dhuluma. Lakini pia ni shahidi kwamba Msanye alikuwa pale, akifanya kazi ya baba zake.

Kwa hiyo tusiichukie karatasi kwa kuwa iliandikwa na mtu asiyetupenda. Tuisome kwa akili. Mwandishi alikuwa na nia yake, na sisi leo tuna swali letu.

KARATASI ZIPI ZITAFUTWE?

Wengi wakisikia "karatasi za ardhi" wanafikiri ni hati miliki tu. Hapana. Angalieni hizi pia:

• Risiti za kodi ya nyumba na ya kichwa, na vipande vya kazi vya wakati wa ukoloni.

• Risiti za ijara, yaani kodi ya ardhi waliyolipa watu wenye nyumba bila ardhi. Zinaonyesha mwaka ambao familia ilikuwa imekwisha kukaa pale.

• Karatasi za kuuziana au kuwekeana rehani minazi, miembe na mikorosho. Huku kwetu miti yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine, na mashahidi wa miti ni mashahidi wa mipaka.

• Barua za ofa, namba za ploti na risiti za malipo za skimu za makazi, kwa mfano Magarini, ule mradi uliofadhiliwa na Australia tangu mwisho wa miaka ya 1970.

• Madaftari ya makanisa: ubatizo, ndoa na mazishi. Yanataja jina, wazazi, tarehe, na mara nyingi kijiji. Misheni ya Rabai ilianza mwaka 1846, kwa hiyo maandishi ya namna hii kwetu yana umri mkubwa.

• Hati za Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu zilizoandikwa mbele ya kadhi, liwali au mudiri.

• Madaftari ya shule, mihutasari ya baraza, vitabu vya vikundi na vyama vya ushirika, na picha za zamani zenye nyumba, miti au makaburi.

Karatasi nyingine haziko vijijini. Ripoti za wilaya za wakati wa ukoloni ziko katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter ya 1932 na 1933 ulichapishwa katika majuzuu matatu. Na mafaili mengine Waingereza waliondoka nayo kabla ya uhuru. Serikali yao ilikiri jambo hilo mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, na kuanzia mwaka 2012 mafaili hayo yakafunguliwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew. Fikirini: miaka 50 na karatasi zetu zimefichwa! Na hizo zilizofichwa angalau hazikuoza. Za kwetu hazina mlinzi isipokuwa sisi.

ADUI WA KARATASI

"Akiba haiozi," wazee walisema. Lakini akiba ya karatasi inaoza, na Pwani inaoza upesi. Adui wa kwanza ni unyevu na hewa ya chumvi. Unyevu huleta kuvu, yale madoa meusi au ya kijani. Wa pili ni mchwa, ambaye humaliza kitabu kutoka ndani huku jalada likionekana zima. Wako pia mende, panya, moshi wa jikoni na jua. Wino wa zamani ukipigwa na jua hufifia mpaka neno lisisomeke.

Na adui mwingine ni sisi wenyewe tukitaka kutengeneza. Tafadhali:

• Usibandike selotepu. Gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kula karatasi.

• Usiipeleke karatasi ya zamani kutiwa plastiki ya moto pale mjini. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanailinda. Ule moto na plastiki haviondoki tena, na karatasi huendelea kuharibika humo ndani.

• Usiianike juani wala kuipiga pasi.

• Usiandike juu yake kwa kalamu ya wino. Kama ni lazima kutia namba, tumia penseli, pembeni, kwa mkono mwepesi.

JINSI YA KUPIGA PICHA

Si lazima kamera ya bei ghali. Simu nzuri ya kijana wa kwenu inatosha kuanzia, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu. Watu wawili au watatu wanatosha: mmoja wa kufungua kurasa, mmoja wa kupiga, na mmoja wa kuandika daftari.

1. Chagua wakati. Siku kavu za kaskazi ni bora kuliko za masika. Fanya kazi asubuhi au alasiri, barazani kivulini au karibu na dirisha lisiloingia jua. Usitumie flashi. Mwanga wake hurudi kwenye kamera na kufuta maneno.

2. Tayarisha meza. Tandika kitambaa cheusi au cheusi-cheusi kisicho na maua. Ondoa chai, maji na vyakula vyote.

3. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu, maana ukivaa glavu huhisi ukingo wa karatasi na ni rahisi kuirarua.

4. Pangusa vumbi kwa brashi laini, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Kama kuna kuvu, fanyia kazi nje penye upepo na ufunge kitambaa puani.

5. Usilazimishe. Karatasi iliyokunjwa miaka 60 ikunjue polepole. Zilizogandana ziache kama zilivyo na uandike "zimegandana". Kitabu kisichofunguka sawasawa kiegemeze pande zote mbili kwa vitambaa vilivyokunjwa, usikivunje mgongo.

6. Kamera iangalie chini sawasawa. Ikiinama, upande mmoja wa ukurasa hutoka mdogo. Unaweza kulaza ubao wenye tundu juu ya viti viwili, simu ikae juu ya tundu, karatasi iwe chini. Hapo mkono hautikisiki.

7. Weka rula pembeni mwa karatasi, na kijikaratasi chenye namba. Rula huonyesha ukubwa wa kweli.

8. Piga ukurasa mzima mpaka kingo zote nne zionekane. Kisha kama kuna muhuri, sahihi au alama ya kidole, piga tena kwa karibu.

9. Piga kila kitu: jalada, kurasa tupu, na upande wa nyuma. Mara nyingi nyuma ya risiti ndipo mzee alipoandika jina la shahidi. Na ukiruka kurasa, kesho mtu atauliza, "Mbona hizi mmezificha?"

10. Kagua papo hapo. Kuza picha. Je, herufi ndogo kabisa inasomeka? Kama haisomeki, piga tena sasa, kabla hamjafunga sanduku.

Msiwe na haraka. Daftari lenye karatasi 200 lina kurasa 400, na ukipiga kwa pupa utalirudia lote.

PICHA BILA MAELEZO

Hapa ndipo wengi huharibu. Kijana anapiga picha 300, zinabaki ndani ya simu zikichanganyika na za harusi, na baada ya miezi sita hakuna anayejua ipi ilitoka nyumba gani. Picha ya namna hiyo ni kama mtoto aliyeokotwa: ana sura nzuri lakini hana wa kumtaja baba yake.

Kwa kila karatasi andikeni katika daftari la mkono: namba yake, ni karatasi gani, tarehe iliyoandikwa juu yake, majina ya watu na mahali, iko kwa nani na ilimfikiaje, nani alipiga picha, siku gani, kwa simu au kamera gani, na ruhusa ilitolewa na nani.

Halafu mwulizeni mzee. Karatasi inasema "shamba lililo karibu na mbuyu". Mbuyu gani? Mzee anajua, hata kama ulianguka zamani. Majina ya vijiji, visima na njia yaliyo katika karatasi za zamani hayamo tena katika ramani za leo, ambazo zimejaa namba za ploti. Akifa mzee, neno lile linabaki bila maana. Rekodini sauti yake siku ile ile, na muandike namba ya karatasi aliyokuwa akiieleza. Na msiwaulize wanaume peke yao. Maofisa waliandika majina ya waume, lakini akina nyanya ndio waliolima, na ndio wanaojua mpaka uko wapi.

Picha zote ziwe na nakala tatu: moja katika kompyuta ya parokia au ya shule, moja katika diski au kadi ya kumbukumbu nyumbani kwa mwenyewe, na moja mbali kabisa, mji mwingine. Moto au mafuriko hayachukui sehemu tatu kwa siku moja. Kila mwaka fungueni nakala mwone kama bado zinafunguka.

Majirani zetu wa Lamu wamekwisha kutuonyesha njia. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Saleh, una vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono. Vitabu hivyo vilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango ulioanza mwaka 2004. Sharti moja la mpango huo ni zuri kwetu sote: karatasi asili hazitoki katika nchi yake. Zinazosafiri ni picha tu. Mtu akija kijijini kwenu akasema, "Nipeni karatasi niende nazo nikazipige Nairobi," mwambieni, "Karibu, piga hapa hapa barazani."

JE, ZITASAIDIA MBELE YA SHERIA?

Tuseme ukweli. Picha ya risiti ya babu haitakupa hati miliki kesho. Asiwadanganye mtu. Lakini madai ya ardhi hujengwa kama nyumba ya udongo: hakuna fito moja inayobeba yote, zinafungwa pamoja.

Wenzetu Waogiek wa msitu wa Mau hawakuwa na hati ya msitu. Waliegemea historia yao, maneno ya wazee na maandishi ya miaka mingi. Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao. Hapa kwetu, mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi Magarini, na wananchi walisimama wakaeleza habari za mashamba na maji yao. Katika kikao cha namna hiyo, anayesimama na neno la mdomo pamoja na karatasi yenye tarehe husikilizwa zaidi.

Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ikataja kipindi chenyewe: kuanzia Juni 15, 1895 mpaka Agosti 27, 2010. Ikatoa miaka mitano ya kupeleka madai, ambayo iliisha Septemba 2021. Miaka mitano ni mifupi sana kwa familia inayoanza kutafuta karatasi siku tangazo linapotoka. Anayezikusanya mapema huwa tayari wakati wowote mlango unapofunguliwa.

Mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, karatasi asili ina nguvu kuliko picha, kwa hiyo baada ya kupiga picha msitupe kitu. Ifungeni katika bahasha safi ya karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Pili, picha ya simu au kompyuta ikipelekwa kortini, Sheria ya Ushahidi inataka cheti kinachoeleza ilitengenezwa vipi na kwa kifaa gani. Hiyo ndiyo faida ya lile daftari la mkono. Na msiisahihishe picha kwa kuongeza wino au kukata. Picha iliyochezewa hata kidogo huitia doa kesi nzima. Tatu, karatasi zilizo ofisini za umma mna haki ya kuziomba kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombeni kwa maandishi na mweke nakala ya barua yenu.

TAHADHARI

Karatasi hizi si za kuonyesha ovyo. Madalali wa ardhi wapo, na picha ya barua ya ofa ikizunguka katika simu yaweza kumfundisha mwizi jina na namba ya ploti. Msiziweke hadharani bila kikao cha familia.

Pia kuna siri za watu. Mwaka 1888 zaidi ya watumwa 1,400 waliokuwa wamekimbilia Rabai na misheni nyingine walikombolewa, na mwanzo wa 1889 wakapewa hati za uhuru. Wajukuu wao wako nasi, na wengine hawapendi nasaba hiyo itangazwe. Kupiga picha daftari ni kulilinda. Kulisoma mbele ya watu ni jambo lingine, na linahitaji ruhusa. Hata Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai uangalifu huo.

La mwisho: karatasi moja yaweza kuonyesha kwamba shamba tunalodai sisi liliwahi kuwa la jirani. Tusiifiche. Tukitaka vitabu vya Mfalme viseme kweli juu yetu, na vyetu viseme kweli juu ya wengine.

TUANZE WAPI?

Kila kikundi kinachosoma makala hii kianze na nyumba moja tu. Nendeni kwa mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote mtaani, mwombeni ruhusa kwa heshima, na mkae naye asubuhi moja. Karatasi kumi zilizopigwa vizuri, zenye maelezo, ni bora kuliko elfu zilizotupwa ndani ya simu. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika mkutano wenu jadilini maswali haya:

1. Katika mtaa wetu ni nyumba zipi zina karatasi za kabla ya 1963, na zimewekwa wapi?

2. Nani kati ya vijana wetu ana simu nzuri na subira? Nani ana mwandiko unaosomeka?

3. Ni mzee gani au nyanya gani tungemhoji wiki hii, si mwaka ujao?

4. Nakala ya tatu, ile ya mbali, tutaiweka kwa nani tunayemwamini sote?

Wazee wetu walizificha karatasi hizi katika makuti miaka mingi, hata wale wasioweza kusoma. Walijua zina kitu. Kazi yetu sisi tuliosoma ni ndogo kuliko yao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unazibwa kwa asubuhi moja barazani.

Kwaherini, na kazi njema.